Mdomo kwanza, rangi mwisho: shajara ya mradi wa kutambua bata wa bahari wa Aktiki

Januari. Mipaka ya kazi

Mradi huu unatengeneza ufunguo wa Kiswahili, yaani maswali yanayofuatana hadi kufikia jina, wa kuwatambua bata wa mwituni wanaotaga ukanda wa Aktiki na kuishi baharini sehemu kubwa ya mwaka. Walioingia ni eida wanne: eida wa kawaida, *Somateria mollissima*, eida mfalme, *Somateria spectabilis*, eida miwani, *Somateria fischeri*, na eida wa Steller, *Polysticta stelleri*. Wanafuatwa na bata mkia-mrefu, *Clangula hyemalis*, na skota, bata wa bahari weusi wa jenasi *Melanitta*. Bata harlekwini amewekwa kando kwa sasa, kwa kuwa hutaga kwenye mito ya maji ya kasi na kuchanganywa kwake na eida ni nadra.

Lengo ni moja: mtu aliyesimama ufukweni na darubini aweze kumtaja kwa jina jike wa kahawia aliye umbali wa mita mia tatu, na aeleze kwa nini amemtaja hivyo. Dume aliyekomaa, mwezi wa Aprili, hahitaji ufunguo. Eida wa kawaida ana mgongo mweupe, tumbo jeusi, utosi mweusi na rangi ya kijani kisogoni. Eida mfalme ana nundu ya rangi ya chungwa juu ya mdomo na utosi wa samawati. Eida miwani ana duara jeupe lenye ukingo mweusi kuzunguka kila jicho. Eida wa Steller ana kichwa cheupe, koo jeusi, kidari cha rangi ya chungwa-kahawia iliyofifia na doa dogo jeusi ubavuni, juu kidogo ya maji. Hao wanakaa kwenye ukurasa mmoja. Kurasa nyingine zote ni za majike, madume wachanga, na madume waliopukutisha manyoya, maana hao ndio wengi katika kundi lolote na ndio wanaoandikwa vibaya.

Uamuzi wa kwanza unaobeba kazi yote: swali la rangi limeondolewa mwanzoni mwa ufunguo na kupelekwa mwisho. Swali la kwanza sasa linauliza manyoya ya uso yanaishia wapi juu ya mdomo. Rangi hubadilika kwa umri, kwa msimu, kwa jua kali la kiangazi linalochujusha manyoya, na kwa mwanga wa siku yenyewe. Mpaka wa manyoya na mdomo unabaki palepale kwa jike, kwa kinda aliyekwisha kukua, na kwa dume aliyevaa manyoya ya kujificha.

Februari. Kichwa cha jike

Hapa ndipo muda mwingi umetumika, na unastahili. Kila kichwa kimechorwa kwa upande, pua ikionekana, na juu ya mchoro kumewekwa mistari miwili ya wima: mmoja unapita ukingo wa nyuma wa tundu la pua, mwingine unapita pale manyoya yanapofika mbele zaidi.

Eida wa kawaida. Manyoya yanatoka shavuni na kuingia ubavuni mwa mdomo kama ulimi uliochongoka, na ncha ya ulimi huo inafika chini ya tundu la pua. Juu, kwenye mgongo wa mdomo, manyoya yanaishia nyuma zaidi. Kwa hiyo ulimi wa ubavuni unaushinda ule wa juu. Paji la uso na mdomo vinashuka kwa mstari mmoja ulionyooka, na kichwa chote kina umbo la kabari.

Eida mfalme. Mpangilio unageuka: manyoya ya juu, yanayoshuka kwenye mgongo wa mdomo, yanafika mbele kuliko yale ya ubavuni. Mdomo ni mfupi na mweusi zaidi, paji lina mwinuko, kichwa ni cha mviringo. Mstari wa kinywa unapinda kwenda juu mwishoni, na jike anaonekana kana kwamba anatabasamu. Tabasamu hilo huonekana hata pale ncha za manyoya hazionekani, kwa hiyo limepewa nafasi ya pili kwenye ufunguo.

Eida miwani. Manyoya yanafunika sehemu kubwa ya juu ya mdomo na kushuka kwa mteremko hadi karibu na tundu la pua, bila ndimi mbili zilizotengana. Jicho limezungukwa na duara la rangi hafifu, na mbele ya duara hilo uso una giza. Jike aliyechakaa manyoya mwezi wa Julai anaweza kupoteza weupe wa miwani; mteremko wa manyoya hauendi popote.

Eida wa Steller. Hana ulimi wowote wa manyoya. Mdomo unaanza pale uso unapoishia, kwa mpaka ulio karibu wima, na ni wa kijivu mtupu. Kichwa kina umbo la mraba, kisogo kimesimama. Ni mdogo kuliko eida wengine wote: urefu wake ni sentimita 43 hadi 47, wakati eida wa kawaida anaweza kupita sentimita 60 na uzito wa kilo 2.

Kwa wanaojifunza, zoezi linalofaa ni kuficha mwili wote wa ndege kwenye picha kwa karatasi, kubakiza sehemu iliyo kati ya jicho na ncha ya mdomo, na kutaja jina. Akishindwa hapo, mwili utamdanganya.

Baada ya kichwa ndipo mbavu zinakuja. Jike wa eida wa kawaida ana mistari ya wima, myeusi, inayopita ubavuni sambamba. Jike wa eida mfalme ana alama zilizopinda, za umbo la mwezi mwandamo au herufi V. Tofauti hii ni imara, na inatakiwa isimame mbele ya wekundu wa manyoya. Sababu ni kwamba majike wengi wa nususpishi ya kaskazini ya eida wa kawaida, *borealis*, wanaokaa Greenland, Aisilandi na visiwa vya Svalbard kaskazini mwa Norwei, wana rangi nyekundu ya kutu. Mtazamaji aliyezoea majike wa kahawia wa pwani za kusini mwa Norwei akifika Svalbard huwaita hao wafalme. Mistari ya wima inamaliza ubishi.

Ngozi za makumbusho zimesaidia kwenye umbo na zimekatazwa kwenye rangi. Nundu ya eida mfalme ikikauka hunywea na kupoteza ile rangi yake ya chungwa. Midomo yote hufifia kuelekea kahawia au njano ya vumbi. Mchoro wowote unaopaka rangi ya mdomo kutokana na ngozi kavu umerudishwa kwa mchoraji. Mpaka wa manyoya kwenye ngozi hizo bado ni sahihi hata baada ya miaka mia.

Machi. Vifaa na mahali: Varangerfjord

Mahali pa kuujaribu ufunguo ni Varangerfjord, kaskazini mwa Norwei, latitudo 70. Pwani hiyo haigandi kwa sababu mkondo wa maji ya vuguvugu kutoka Atlantiki unaifikia, na mwezi wa Machi eida watatu wanaweza kuonekana pamoja: wa kawaida, mfalme na wa Steller. Vadsø na Vardø, pamoja na Båtsfjord upande wa pili wa rasi, zina bandari ambamo bata hawa husogea karibu na gati. Mchana ni wa saa kumi na mbili hivi, na jua liko chini, jambo ambalo ni neema likiwa mgongoni kwako na balaa likiwa usoni.

Maelekezo ya vifaa yamefikia hapa:

Darubini ya stendi yenye ukuzaji wa mara 20 hadi 60. Anza kwa 20 kulisoma kundi, panda hadi 30 au 40 kwa mdomo. Zaidi ya hapo, picha huharibika siku nyingi. Maji yana nyuzi kadhaa juu ya sifuri na hewa inaweza kuwa kumi chini ya sifuri. Joto linapanda kutoka baharini na hewa inatetema juu ya uso wa maji. Kuongeza ukuzaji ni kuikuza mitetemo hiyo. Dawa ni kupunguza umbali, au kusubiri upepo kidogo uichanganye hewa.

Usitazame kupitia dirisha la gari lenye joto ndani. Hewa ya vuguvugu inayotoka dirishani inapita mbele ya lenzi na kufuta ukali wote wa picha, na watu hulaumu darubini. Zima kipasha joto, fungua madirisha yote, subiri mpaka ndani na nje vilingane. Kwa lenzi iliyotoka chumbani, iache ndani ya begi lililofungwa huko nje kwa nusu saa. Ikirudi ndani, ifungiwe begini tena kabla ya kuingia, la sivyo unyevu utagandamana kwenye kioo.

Simama juu ya maji kwa mita tano hadi kumi. Chini ya hapo mawimbi yanaficha nusu ya kundi. Juu sana unaona migongo tu na mpaka wa mdomo unapotea.

Kwa kamera: kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi, na mwangaza upunguzwe kwa theluthi mbili za stopu (hatua ya kipimo cha mwanga cha kamera) pakiwa na madume weupe kwenye fremu. Weupe uliopitiliza hauna manyoya ndani yake na haurudishwi na programu yoyote. Jike aliyetoka giza kidogo anaweza kuinuliwa baadaye. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti. Picha inayofaa kwa ufunguo ni ile ambayo kichwa kiko upande kabisa. Kichwa kikigeuka hata kidogo kuelekea kamera, ulimi wa manyoya unaonekana mfupi kuliko ulivyo, na jike wa kawaida anaanza kufanana na mfalme. Kipimo cha haraka: kama unaona sehemu ya shavu la upande wa pili, picha hiyo haipimwi.

Namna ya kuzamia imeingizwa kama msaada wa mbali. Eida na bata mkia-mrefu hufungua mabawa kidogo wanapozama. Skota mweusi huruka kidogo mbele na kuzama mabawa yakiwa yamebanwa. Skota bawa-jeupe huyafungua. Kwa ndege walio umbali wa kilomita moja dhidi ya jua, hiyo ndiyo habari pekee inayopatikana, na inatosha kumtenga skota mweusi.

Eida wa Steller huzama kundi zima karibu kwa pamoja na kuibuka pamoja, kwenye maji ya kina kifupi yenye mwani. Hesabu ifanywe wakiwa juu wote, na irudiwe kwa mizunguko mitatu ya kuzama. Anayehesabu huku wengine wako chini hupata nusu ya kundi na haelewi kwa nini. Eida mfalme hupenda maji ya kina zaidi. Spishi hii imerekodiwa ikizama kupita mita 50. Kundi lililo mbali, nje ya mstari wa eida wa kawaida, litazamwe kwa subira.

Aprili. Madume wachanga

Dume wa eida hafikii sura yake kamili kabla ya mwaka wa tatu au wa nne, na katikati ya hapo kuna sura nyingi zenye viraka. Sehemu hii ilikuwa na maelezo marefu ya kila umri. Imekatwa hadi maswali mawili yanayofanya kazi.

La kwanza: je, kuna weupe mgongoni? Dume mchanga wa eida wa kawaida huanza kupata manyoya meupe mabegani tangu majira ya kwanza ya kuchipua. Eida mfalme, kwa umri wowote, hana mgongo mweupe. Weupe wake uko kidarini, kwenye bawa, na kiraka kimoja pembeni mwa nyonga. Kidari cheupe peke yake hakisemi lolote, maana wote wawili wanacho.

La pili: mdomo una rangi gani na umbo gani? Mfalme wa majira ya baridi ya kwanza ana kichwa cha kahawia nzito na mdomo wa njano-waridi uliofifia, unaong'aa kwa mbali dhidi ya uso mweusi. Nundu bado ni ndogo, wakati mwingine ni uvimbe tu. Eida wa kawaida wa umri huo ana mdomo wa kijivu-kijani na mstari hafifu wa nyusi.

Kwa dume mchanga wa Steller, swali la mdomo usio na ulimi linatosha.

Hapa pia kumewekwa onyo kuhusu "tanga". Dume wa eida mfalme ana manyoya mawili mgongoni yanayosimama kama tanga dogo, na vitabu vingi huichukulia alama hiyo kuwa yake peke yake. Baadhi ya madume wa *borealis* nao wana tanga dogo, tena jeupe. Rangi ya mgongo chini ya tanga ndiyo inayoamua.

Mei. Wakiwa angani

Mwezi wa Mei, eida wanapita Point Barrow, Alaska, kwa mistari mirefu wakielekea mashariki kufuata mianya ya maji kwenye barafu. Wengi wao ni eida mfalme, na wanaopita huko kwa mwaka ni mamia ya maelfu. Hapo mpaka wa manyoya mdomoni hauonekani, na ufunguo unahitaji mlango mwingine.

Mlango huo ni mpangilio wa weupe. Dume wa eida wa kawaida anayeruka ana mgongo mweupe unaoungana na weupe wa mabawa: bamba moja. Dume wa eida mfalme ana mgongo mweusi unaovitenga viraka viwili vyeupe vya mabawa: weupe, weusi, weupe. Tofauti hii inashika hata pale ndege ni vitone tu. Dume wa eida miwani naye ana mgongo mweupe, lakini weusi wa tumbo unapanda hadi kidarini, kwa hiyo kwa mbele anaonekana na giza ambalo eida wa kawaida hana. Chini ya bawa na kwapani ni wa kijivu, wakati wenzake ni weupe.

Jike wa Steller ana kiraka cha samawati kwenye bawa kilichobanwa na mistari miwili myeupe, na mabawa yake hutoa mluzi. Bata mkia-mrefu ana mabawa meusi matupu juu na chini, mwili mweupe, na huruka akiegemea upande huu na ule. Skota bawa-jeupe hujitangaza kwa kiraka cheupe nyuma ya bawa. Akiwa majini kiraka hicho mara nyingi kimefichwa, kwa hiyo subiri ajipige mabawa.

Jike wa eida wa kawaida na jike wa mfalme wakiruka mbali: ufunguo unasema "eida wa kahawia, spishi haijulikani", na tunasimamia jibu hilo. Kwenye mstari ambao madume wake wote ni wafalme, majike wengi watakuwa wafalme pia, ila hilo huandikwa kama makadirio kwenye safu ya maoni, halijazwi kwenye safu ya jina.

Juni. Viotani

Mahali pazuri pa kumtazama jike kwa karibu bila kumfukuza ni bonde la Adventdalen, Longyearbyen, Svalbard. Eida wa kawaida hutaga kando ya mabanda ya mbwa wa sleji, kwa kuwa mbwa hao huwaweka mbali mbweha wa Aktiki. Barabara inapita karibu, na madimbwi ya jirani hupata pia eida mfalme. Kaa barabarani. Huko ndiko picha nyingi za pembeni za jike mwekundu wa *borealis* zinakopatikana, na ndizo zilizothibitisha kwamba wekundu hauna nafasi mwanzoni mwa ufunguo.

Kwingineko, kiota hakikaribiwi kwa ajili ya utambuzi. Jike wa eida wa kawaida huatamia kwa siku 24 hadi 26, kwa kawaida mayai manne hadi sita, na katika muda huo karibu hali kabisa. Anaishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini. Akifukuzwa kwa ghafla huyaachia mayai kinyesi chenye harufu kali, anapoteza nguvu alizonazo kwa hesabu, na shakwe wanaokaa juu wanaona pa kushuka. Picha moja haina thamani hiyo. Aisilandi, wakulima wanaokusanya manyoya laini ya eida huingia viotani kwa utaratibu waliorithi vizazi kwa vizazi, wakipata kilo moja kutoka viota 60 hivi. Wao wanajua muda wa kuingia na muda wa kutoka. Mpita njia hajui.

Agosti na Septemba. Madume waliovua

Jike anapoanza kuatamia, dume huondoka kwenda baharini na kupukutisha manyoya. Mavazi meupe yanatoweka. Kuanzia Julai hadi vuli dume wa eida wa kawaida ni ndege wa kahawia-nyeusi mwenye mabaka, na manyoya yote ya kurukia yanadondoka kwa pamoja, akibaki wiki tatu hadi nne bila uwezo wa kuruka. Ndio msimu wenye makosa mengi kuliko mwingine: watu huwaandika skota, huwaandika majike, huwaandika spishi ambazo hazipo.

Njia ya ufunguo kwa msimu huu: rudi mdomoni. Ulimi wa ubavuni uko palepale. Kisha tafuta weupe uliobaki kwenye bawa lililokunjwa. Dume aliyekomaa wa eida wa kawaida na wa mfalme huubakiza, jike hana. Mfalme hubakiza pia rangi ya chungwa mdomoni, ingawa nundu imenywea. Skota mweusi hana weupe huo juu ya bawa, na mdomo wake hauna ulimi wa manyoya unaofika puani.

Usiwafuate kwa boti. Ndege asiyeruka hana njia ila kuzama tena na tena, na huo ndio wakati anaohitaji chakula chake chote kuotesha manyoya mapya. Boti ikikaribia na kundi likaanza kuzama bila kula, umekwisha kukaribia mno, geuza.

Bata mkia-mrefu amepewa ukurasa wake peke yake. Manyoya yake hubadilika karibu mfululizo kati ya Aprili na Oktoba, na dume wa majira ya baridi mwenye kichwa cheupe na baka jeusi shavuni ni kinyume cha dume wa kiangazi mwenye kichwa cheusi na uso uliofifia. Picha tatu za mwaka hazitoshi, zimewekwa sita. Kwa bahati nzuri mwili mdogo, mdomo mfupi, na mabawa meusi yasiyo na alama humtenga mwaka mzima, na sauti yake ya puani yenye kupanda na kushuka husikika kutoka mbali kuliko anavyoonekana.

Oktoba. Ramani, na uzito wake

Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wamezoea wageni wa kutoka Aktiki. Vitwitwi midomo-iliyopinda wanaokula kwenye matope ya Mida Creek, karibu na Watamu, wametaga kwenye tundra ya Siberia, nyika ya baridi isiyo na miti, ile ile anayotaga eida mfalme. Bata wa bahari hawasafiri hivyo. Wanarudi kusini kwa kadiri tu barafu inavyowalazimisha, na wengine hawarudi hata hapo. Mfano mkubwa ni eida miwani: hadi mwaka 1995 haikujulikana anapitisha wapi majira ya baridi. Vifaa vya kutuma mawimbi kwa setilaiti vilivyowekwa kwa ndege wachache ndivyo vilivyowaongoza watafiti hadi Bahari ya Bering, kusini mwa kisiwa cha St. Lawrence, ambako karibu eida miwani wote duniani walikuwa wamesongamana kwenye mianya ya maji katikati ya barafu.

Kwa hiyo ramani ina nguvu, lakini tumeiweka baada ya umbo na alama. Sababu ni ya kiutendaji: anayeanza na ramani haoni kile ambacho ramani haina. Eida mfalme mmojammoja hujitokeza kusini sana ya makazi yake, katikati ya makundi ya eida wa kawaida, na hupatikana na yule tu anayetazama kila mdomo.

Nususpishi za eida wa kawaida zimewekwa hapa pia. *V-nigrum* wa Pasifiki ana mdomo wa njano-chungwa na, kwa dume, alama nyeusi ya V kooni. *Dresseri* wa Atlantiki ya Amerika ana vipande vipana vya ngozi tupu, vyenye ncha ya mviringo, vinavyopanda kutoka mdomoni kuelekea jichoni. Kwa *borealis* vipande hivyo ni vyembamba na vimechongoka. Mdomo wa *borealis* nao unaweza kuwa na rangi kali wakati wa kuchipua, kwa hiyo ndege wa Atlantiki mwenye mdomo wa chungwa asiandikwe *v-nigrum* bila V na bila umbo.

Kuna uzito mwingine wa kuandika majina sawasawa. Eida miwani wanaotaga kwenye delta ya Yukon-Kuskokwim, Alaska, walipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kati ya miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1990. Risasi za madini ya risasi zilizozama kwenye madimbwi na kumezwa ni mojawapo ya sababu. Marekani iliwaweka kwenye orodha ya spishi zilizo hatarini mwaka 1993, na eida wa Steller wanaotaga Alaska wakafuata mwaka 1997. Jike mmoja aliyeandikwa vibaya ni kosa dogo. Makosa hayo yakirundikana kwa miaka, mstari wa hesabu unapanda au kushuka bila ndege wenyewe kufanya hivyo.

Novemba. Kazi iliyo mezani

Machotara. Eida mfalme na eida wa kawaida huzaana, na Aisilandi ndiko wanakoonekana zaidi, kwa kuwa madume wa mfalme hufika kwenye makoloni ya eida wa kawaida na kupata wenza humo. Dume chotara huwa na nundu ndogo ya njano-chungwa, utosi wa kijivu, mgongo mweupe au wa kijivu, na mara nyingi tanga. Kanuni iliyoandikwa: nundu pamoja na mgongo mweupe ni chotara mpaka ithibitike vinginevyo, na jina hilo litolewe zikiwepo alama mbili zinazopingana, kamwe si moja. Jike chotara hana kanuni bado. Ndimi mbili za manyoya zinapolingana urefu, fomu inataka picha tatu za pembeni na hakuna jina.

Safu za fomu zimekamilika: saa, mwelekeo wa jua, umbali, ukuzaji uliotumika, ulimi wa juu, ulimi wa ubavuni, mistari ya mbavu, weupe wa mgongo, namna ya kuzamia, kisha jina. Safu ya jina iko mwisho na haijazwi kabla ya zile za mdomo.

Skota bawa-jeupe watatu, *fusca*, *deglandi* na *stejnegeri*, bado wana maelezo ya madume peke yake: umbo la uvimbe wa mdomo na mpangilio wa rangi yake. Michoro ya majike wao inaanza Desemba, kwa mistari miwili ileile ya wima iliyotumika kwa eida.